WhatsApp kufundishia vijana lishe na mazoezi likizo hii

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kutumia WhatsApp kufundisha vijana wa miaka 13 hadi 17 hapo Jinja, Uganda: kabla ya kufikiria video, fikiria simu. Wengi hawana ya kwao, wanashika ya mama akirudi jioni. Basi tuma saa 2 usiku, na mzazi aridhie kwanza, awemo kwenye grupu. Facebook iache, ilifungwa Uganda Januari 2021, na VPN, programu ya kukwepa kizuizi hicho, inakula bando.

Video moja, jambo moja, sekunde 45. Maneno makubwa katikati ya picha, maana wengi hutazama bila sauti. Shusha ubora wa picha hadi 360p, ili faili liwe dogo. Ukimmalizia mzazi bando, wewe ndiwe wa kwanza kutolewa.

Video ya soda ndiyo yenye nguvu. Weka chupa ya nusu lita mezani, onyesha lebo. Ikiandikwa gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100, chupa nzima ina gramu 53, karibu vijiko 13 vya chai. Chota sukari kijiko kimoja kimoja kwenye glasi tupu, usiseme neno. Kisha toa kazi: kesho badala ya soda ni maji.

Rolex, yaani mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, usiipige vita, utashindwa. Mayai ni chakula kizuri. Tatizo ni mafuta na chapati ya pili. Wafundishe kuagiza: chapati moja, mayai mawili, nyanya na kabeji kwa wingi, mafuta kidogo. Nyumbani posho (ugali) na maharage vipo tayari, kinachokosekana ni mboga za majani kama dodo (mchicha) au nakati (majani ya jamii ya nyanya chungu), na tunda. Dodo mara nyingi imejiotea nyuma ya jiko.

Mazoezi ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa umri huo. Hapa video haisaidii, maana hakuna anayeruka huku macho yakiwa kwenye skrini. Rekodi sauti ya dakika 20: mazoezi 5, kila moja sekunde 30 na mapumziko sekunde 30, mizunguko 4. Kuruka kamba, kuchuchumaa, pushapu, kukimbia papo hapo, kupanda na kushuka ngazi. Kutembea kwa kasi na kubeba maji navyo vinahesabiwa.

Usiombe kilo za mtu wala picha ya mwili, kamwe. Shindano la kupungua huwafundisha kuruka mlo. Hesabu dakika za mazoezi. Programu za simu za kuhesabu hatua pia hazifai: simu ikitikiswa kitandani inahesabu, na asiye na simu anaachwa nje. Grupu lifunge, admini pekee atume, ufungue saa moja ya maswali. Usipofanya hivyo, vichekesho vitafukia somo.

Shule zikifunguliwa, bwenini simu marufuku. Hamishia video kwenye flashi kwa ajili ya maabara ya kompyuta, faili za MP4 za H.264, mfumo wa video ambao hata kompyuta za zamani huufungua. Baadhi ya simu mpya hurekodi H.265, na kompyuta za zamani zinaweza kukupa sauti bila picha.