Nikipiga magoti, akili inakimbilia kwenye marejesho

SWALI: Shikamoo mama. Mi nina watoto watatu na kibanda cha chipsi hapa Mbeya. Kanisani kwetu kila Ijumaa tuna mkesha, watu wanaomba kwa sauti, wengine wanalia mpaka wanagaragara, mi nafumba macho nasema yaleyale, asante Baba, asante Baba, huku kichwani nawaza marejesho ya kikoba Jumatatu na viazi vilivyopanda bei. Wiki iliyopita nikajikuta napandisha sauti ili jirani yangu asinione mlegevu, nikajisikia vibaya kweli. Hivi Mungu anasikia maombi ya hivi au najichosha tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo pa kupandisha sauti kwa ajili ya jirani umeshajikamata mwenyewe, siongezi neno. Ila sauti yenyewe haina kosa, Bartimayo, yule kipofu wa kwenye Biblia, pale Yeriko alimpigia Yesu kelele watu wakamkemea anyamaze na yeye ndo akazidi, na Yesu akasimama. Shida ni unapaza sauti akusikie nani.

Msome Hana, yule mama aliyekuwa hana mtoto akawa anamlilia Mungu ampe, 1 Samweli sura ya 1. Anaomba midomo inacheza tu, sauti haitoki, kuhani Eli anamtazama anadhani ni mlevi! Mtu wa kazi hiyohiyo ya maombi kashindwa kuyatambua maombi, sasa huyo jirani yako ataweza? Na ona, Hana akatoka pale akala chakula na uso ukabadilika, mtoto hata mimba bado.

Sasa hayo marejesho. Wewe unayafukuza kama inzi kumbe ndo ombi lenyewe limekuja, yaani moyo wako umeshaanza kuomba ila mdomo uko kwingine. Nayajua haya, mwaka mume wangu aliokosa kazi nilikuwa naombea mataifa, viongozi, wagonjwa wa dunia nzima, kodi ya nyumba sitaji kabisa, naona aibu. Siku moja naosha sufuria la ugali lililoganda nikasema tu, Baba kodi hatuna, na nimemkasirikia huyu mwanaume, na wewe pia nimekukasirikia. Nikalia palepale mikono ina povu. Kodi haikudondoka kutoka mbinguni, tulikopa, lakini kuanzia siku ile niliacha kumhutubia Mungu nikaanza kuongea naye.

Kuhusu bidii, wengi tunachanganya na kelele. Manabii wa mungu Baali waliposhindana na nabii Eliya nani mungu wake atashusha moto, waliita toka asubuhi mpaka mchana, kimya, Eliya ombi lake la moto ni mistari miwili tu, 1 Wafalme 18:36-37. Lakini ilipofika kwenye kuomba mvua baada ya ukame, huyohuyo Eliya akainama uso katikati ya magoti, akamtuma kijana wake kuangalia bahari mara 7, na ya saba ndo kikaonekana kiwingu kidogo kama mkono wa mtu. Kurudi tena na tena kwa jambo lilelile, mi naona bidii iko hapo.

Mkesha endelea kwenda ila machozi usiyalazimishe. Na asubuhi ukiwa unamenya viazi, mtajie Mungu deni lako na kiasi chake, shilingi kwa shilingi. Halafu mwenyekiti wa kikoba mwambie mapema kama hela haitatimia, hilo usimwachie Mungu peke yake.