Jibu: Berit, hesed na maneno ya hiana katika Yeremia na Hosea

Ndugu mleta mada, umeuliza kama agano katika maandiko ya Kiebrania ni mkataba tu kama mikataba mingine, na kama uasi, hiana na uzinzi unaolaaniwa na manabii ni kosa moja lililopewa majina mengi. Nilisoma Kiebrania chuoni, na sasa naongoza darasa la Biblia la watu wazima kanisani kwetu, ambako maswali haya hayakosekani kila tunapofungua Hosea. Nimeona watu huelewa upesi zaidi wakianzia kwenye tukio kuliko kwenye kamusi, basi nami nitaanza hivyo.

Tukio lenyewe limo katika Yeremia 34. Yerusalemu ulipokuwa umebanwa na majeshi ya Babeli, kabla haujaanguka mwaka 587 KK, mfalme Sedekia na wakuu wake waliagana kuwaachia huru watumwa wao Waebrania, jambo ambalo Torati ilikuwa imekwisha kuliamuru kwa kila mtumwa aliyetimiza miaka 6 ya kutumika. Walimpasua ndama vipande viwili, wakapita katikati. Kisha Wababeli wakaondoka kwa muda, kwa kuwa jeshi la Farao lilikuwa limetoka Misri, na mabwana wale wakawakamata tena watu wale wale waliokuwa wamewaachia.

Neno la Kiebrania kwa agano ni berit, na kitenzi kinachoandamana nalo mara nyingi ni karat, yaani kukata. Katika aya ya 18 kitenzi hicho kinatumika mara mbili, kwanza kwa agano walilolikata, kisha kwa ndama waliyemkata. Anayepita kati ya vipande anajiapiza kwamba akivunja neno lake, yampate yaliyompata mnyama yule. Maandishi ya Kiaramu ya Sefire, huko Syria, ya karne ya 8 KK, yanalitamka wazo hili bila kuficha: kama ndama huyu anavyokatwa, ndivyo akatwe Mati'el, mfalme wa Arpad, akikihalifu kiapo chake. Wasomaji ambao wazee wao walichanjiana chale na kuonjana damu hawatapata shida kuona kwamba jambo la namna hii halifanani na karatasi ya kupangishia nyumba. Ukiwa na hilo moyoni, rudi Mwanzo 15, Mungu anapoagana na Abramu, uone kwamba Abramu amelala usingizi mzito, na kinachopita kati ya vipande vya nyama ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto peke yake, yaani ishara ya Mungu mwenyewe.

Yeremia anaongeza jambo ambalo tafsiri haziwezi kulionyesha vizuri. Kitenzi shuv, kugeuka au kurudi, ndicho manabii wanachokitumia kwa kutubu. Katika aya ya 15 anawaambia mabwana wale kwamba walikuwa wamegeuka, wakatenda yaliyo haki. Katika aya ya 16, kwa kitenzi kile kile, kwamba waligeuka tena, wakalinajisi jina la Mungu. Kutokana na kitenzi hicho likapatikana nomino meshuva, ukengeufu, ambalo Yeremia 3 inalifanya karibu kuwa jina la Israeli.

Sasa majina ya kosa. Pasha, yaani kuasi, ni neno la siasa: Moabu ilipoasi utawala wa Israeli baada ya Ahabu kufa, katika 2 Wafalme 1:1, kitenzi ni hicho, na Isaya 1:2 inakitumia kwa wana waliomwasi Baba yao. Ma'al ni kuvunja amana, hasa kwa kugusa kilichowekwa wakfu, kama alivyofanya Akani huko Yeriko. Lakini Hesabu 5 inalitumia pia kwa mke anayemkosea mumewe. Zana ni ndugu wa kuzini kwetu, kwa kuwa sisi tulilipata kupitia Kiarabu, lugha ya ukoo mmoja na Kiebrania. Hosea analitumia kwa taifa zima. Bagad ni hiana ya mtu wa karibu, yule ambaye ulikuwa na haki ya kumtegemea, na ndiyo maana Malaki 2 inalitumia kwa mume anayemtenda vibaya mke wa agano lake. (Wahubiri hupenda kusema kwamba bagad linatokana na beged, vazi, kwa sababu msaliti hujifunika. Ni mahubiri matamu, ila kufanana kwa herufi tatu si ushahidi wa maana.) Kwa hiyo, si majina tofauti ya kosa moja tu, kila neno linaonyesha ni uhusiano gani ulioumizwa, na yote yanadai kwamba uhusiano ulikuwapo kwanza.

Linalokosekana katika makosa yote hayo ni hesed, yaani wema wa kiagano. Biblia ya Kiswahili ya Union, katika Hosea 6:6, inasema Mungu anataka fadhili wala si sadaka, lakini Mathayo 9:13, inayonukuu aya hiyo hiyo kwa kupitia Kigiriki, inasema rehema. Mimi naona fadhili ni karibu zaidi, ingawa nalo linanukia hisani ya mkubwa kwa mdogo. Katika ahadi ya uchumba ya Hosea 2, hesed na rahamim, ambalo ndilo la ukoo wa rehema yetu, yametajwa sambamba kama vitu viwili. Hesed ni wema ambao mtu wa agano anautenda kwa sababu amefungamana nawe, hata siku ambayo huruma imemwishia.

Ukitaka kujua kama ukosefu wa uaminifu wa binadamu unaliua agano, fungua Walawi 26. Kitenzi cha kulitangua ni hefer. Katika aya ya 15 kinasemwa kwa watu, kwamba wanaweza kulitangua. Katika aya ya 44, wakiwa tayari wako uhamishoni katika nchi ya adui zao, Mungu anakitumia kitenzi hicho hicho kusema kwamba yeye hatalitangua.