Mbwa anakula sana na bado anakonda: pima kongosho kwanza

Ndugu, umeeleza kwamba German Shepherd wako wa miaka miwili anamaliza chakula chote na bado anafukua jalala, mbavu zinahesabika, kinyesi ni kingi, laini na cha manjano iliyopauka, na dawa za minyoo hazijasaidia. Mbwa wangu wa aina hiyo hiyo alikuwa hivyo hivyo, hata majirani wakadhani namnyima chakula. Kabla ya kumbadilishia tena chakula au antibiotiki, mwombe daktari wa mifugo apime kongosho.

Katika maradhi haya, yanayoitwa EPI kwa kifupi cha Kiingereza, kongosho hushindwa kutoa vimeng'enya vya kutosha vya kusaga mafuta, protini na wanga, kwa hiyo mbwa hula akashiba tumbo huku mwili ukibaki na njaa. German Shepherd huathirika zaidi kuliko aina nyingi nyingine. Kipimo chake ni cha damu, huitwa TLI, hupima dalili za kimeng'enya cha kongosho kilichomo kwenye damu, na huchukuliwa mbwa akiwa hajala kwa saa 8 hadi 12; kiwango kilicho chini ya mikrogramu 2.5 kwa lita huthibitisha ugonjwa. Sampuli ya mbwa wangu ilibidi itumwe nje ya nchi, na gharama yake haikuwa ndogo, lakini ilikuwa nafuu kuliko kuendelea kununua dawa za kubahatisha.

Tiba yenyewe ni kumpa vimeng'enya pamoja na kila mlo, maisha yake yote. Unga wake huanzia takriban kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za uzito wa mbwa, kisha daktari hupunguza taratibu hali inapotulia. Uchanganye na chakula chenye unyevunyevu kisicho moto, kwa sababu joto huviua vimeng'enya, na unga mkavu unaweza kumtia vidonda mdomoni.

Unga huo ukikosekana, kongosho bichi la ng'ombe hufanya kazi ileile: gramu 30 hadi 90 zilizokatwakatwa huchukua nafasi ya kijiko kimoja. Mimi hulipata kwa wauza matumbo wa machinjioni, ambao mwanzoni ilinibidi niwaonyeshe kwa kidole ninachotaka, kisha naligawa katika vifuko vya mlo mmoja mmoja na kuvigandisha. Chukua la mnyama aliyekaguliwa tu, usichanganye na ini wala mapafu mabichi, ambayo huweza kuwa na malengelenge ya minyoo tegu inayomwambukiza mbwa na kisha binadamu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni vitamini B12. Mbwa wengi wenye ugonjwa huu huwa nayo kidogo, na ikipungua, uzito haupandi hata vimeng'enya viwe vingi kiasi gani. Utaratibu uliozoeleka ni sindano moja kila wiki kwa wiki sita, nyingine baada ya mwezi, kisha damu hupimwa upya.

Kwa chakula, wali au ugali wa sembe pamoja na nyama humfaa kuliko dona, kwa kuwa makapi mengi hukwamisha usagaji. Mgawie milo midogo miwili au mitatu. Wakanye watoto na mlinzi wa usiku wasimpe hata kipande cha mkate kisicho na dawa; nyumbani kwetu hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko sindano zote. Tena usimzalishe, kwani mwelekeo wa kupata ugonjwa huu hurithiwa.