Baba Alizikwa Tanga, Mimi Niko Honolulu

Juzi msomaji wa Toronto kaniandikia: "Dada, mama kazikwa bila mimi. Nifanyeje?" Siku tatu sikumjibu. Kanitonesha.

Baba alipofariki, karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa hazijakamilika, ningetoka nisingerudi. Nikatuma hela ya sanda, ya hitima, ya arobaini. Kaka yangu akaniambia kwenye simu, ukoo mzima unasikia: "Mwenye dola atume dola, kulia tutalia wenyewe." Mpaka leo linanichoma.

Julai ile jirani yangu, bibi wa Kijapani mzaliwa wa Hawaii, akanivuta Haleiwa, kwenye hekalu lililo kando ya bahari. Ilikuwa Obon, msimu wa Wabudha wa Kijapani kuwakaribisha wafu wao nyumbani. Huko mahekalu hupokezana, wikiendi kwa wikiendi, kiangazi chote. Katikati ya uwanja kuna jukwaa refu, yagura. Watu wanalizunguka wakicheza ngoma chini ya taa za karatasi. Wimbo huu wa Fukushima, ule wa Iwakuni, zote sehemu za Japani: kila wahamiaji walikuja na wa kwao. Pembeni watu wa asili ya Okinawa wanakaanga andagi. Mimi nikasikia maandazi! Nikala sita, na kwa umbo ni kalimati tupu.

Wazee wake bibi walikuja kulima miwa. Meli ya kwanza ya mkataba wa serikali ilitia nanga Honolulu 1885, na mashambani mtu aliitwa kwa namba ya kwenye kibati alichovaa. Kibati hicho walikiita bango. Usiku ule, taa za kuelea zilipokuwa zikiandaliwa, kila moja ilibeba jina la marehemu. Bibi akanipa kalamu. "Huu ni mwaka wake wa kwanza," akasema, "hatsubon, usiupitishe." Nikaandika majina matatu ya baba, mkono unatetemeka, kisha taa ikaenda na maji.

Kabla hamjanirukia: sikuabudu mizimu. Dua yake nasoma kila Ijumaa.

Sasa ninyi mnaosubiri tiketi ndipo mlie, mtasubiri mpaka lini? Andika jina la mzazi wako. Litamke, watoto wasikie. Liandike tena mwakani. Msiwape watoto picha ya kaburi kwenye simu mkadhani mmemaliza, na msitume hela tu, nawaambia mimi niliyetuma.

Dada wa Toronto, nitumie jina la mama, kamili, na la babu yako. Julai nakwenda Haleiwa.