Modeli ya safari kufanana na hesabu za magari bado si sababu ya kuiamini

Ndugu yangu, umesema modeli yenu ya safari kuanzia Malindi mpaka Lamu, ile ya kompyuta ya kukadiria watu watasafiri wapi na kwa nini, mumeifanyia kalibresheni (kuirekebisha mpaka ifanane na hesabu za barabarani), GEH, kile kipimo cha tofauti ya magari ya modeli na yaliyohesabiwa, karibu kila barabara iko chini ya 5 inayokubalika, na sasa bosi ataka itoe makadirio ya 2040 lakini roho yako haijatulia. Na isitulie kwanza. Mi kazi hizi nimezifanya hapa Malindi, kuhesabu magari pale daraja la Sabaki na pia kukaa ofisini kuzitia hizo hesabu kwa kompyuta, so nakujibu kwa niliyoyaona.

Hiyo GEH isikutie kiburi. Modeli ikisema magari 1,000 kwa saa na barabarani mumehesabu 850, GEH yatoka kama 4.9, imepita hiyo, na huku imezidisha karibu asilimia 18. Halafu hesabu mulizoikazia modeli ndo hizo hizo mwaipimia, sasa itakosaje kufanana? Ni mtihani uliokuja na majibu nyuma ya karatasi.

Waulize walioitengeneza wametia K-faktari ngapi na wapi, yaani vizidishi vya kulazimisha safari za sehemu fulani zipande ama zishuke. Hapo ndo pamejaa mambo. Modeli ya graviti, ile sehemu ya kugawa safari kati ya eneo na eneo, huangalia eneo lina watu na shughuli kiasi gani na kufika kwagharimu nini, sasa kwenye ramani Mokowe ya bara na Amu ya kisiwani ni pua na mdomo, basi modeli yamimina safari tu, jamaa ofisini akiona zimezidi atia kizidishi cha kuzipunguza, namba zikae sawa, afunge faili aende zake. Lakini kinachozipunguza safari zile ni kungoja boti ijae, nauli, mzigo kushushwa jeti ubebwe tena upande wa pili, na usiku ukiingia boti ya abiria ni ya kutafuta. Vitieni hivyo ndani ya gharama ya safari, kwa dakika na kwa shilingi. Maana siku boti zikiongezwa ama nauli ikipanda, kizidishi hakitajua lolote, kitaendelea na hesabu yake ile ile mpaka hiyo 2040 yenu.

Mtihani wenyewe sasa: irudisheni nyuma. Bahati munayo barabara ya Garsen–Lamu, ilikuwa vumbi na tope kabla ya lami. Ondoeni lami ndani ya modeli, muweke mwendo wa zamani, muweke watu wa sensa ya 2009 (kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 101,539, kufika 2019 ni 143,920) kisha mulinganishe na hesabu zozote za zamani muzipatazo, musiguse kitu kingine. Ila chagueni mwaka kwa akili, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014 mabasi yalikuwa yakienda na escort ya polisi na watu wengi wakaacha safari kabisa, mukitumia miaka hiyo mutafikiri ni tope kumbe ni hofu.

Dodoso la nyumbani, lile la kuuliza watu safari zao, nalo liangalieni lilifanywa mwezi gani. Mei hapa Malindi hoteli nyingi zimefunga, ukichukua safari za Mei ukazifanya ndo za mwaka mzima, Agosti na Disemba zitakuumbua, na Lamu wakati wa Maulidi usiseme. Na nani alijibu? Baba akiulizwa jana mulisafiri vipi atasema matatu, amemaliza; mama kwenda sokoni kwa miguu, watoto madrasa, kijana na boda yake, zote hazimo.

Upande wa kuchagua chombo sina maneno mengi, lojiti, fomula ya kukadiria watu wangapi watachagua chombo gani, yafanya kazi ikilishwa vizuri, mchumi McFadden alikadiria treni ya BART ya San Francisco itapata asilimia 6.3 ya wasafiri ikatoka 6.2, wakati makadirio rasmi yalikuwa 15. Lakini usimpe bosi namba moja. Mtafiti Flyvbjerg na wenzake 2005 waliangalia miradi 210 ya nchi 14, makadirio ya abiria wa reli yalizidi kwa wastani wa asilimia 106, na nusu ya barabara zilipishana na makadirio kwa zaidi ya asilimia 20. Mpe ya chini na ya juu, umwambie na nini kitaisukuma huku ama kule, mfano bandari ya Lamu ikipata kazi ama isipate.

Kama bajeti yatosha kitu kimoja tu, anzeni na jeti ya Mokowe, muhesabu watu na mizigo miezi tofauti. Mukishairudisha nyuma ile ya Garsen tuwekee hapa namba zilivotoka, hata kama ni mbaya.