Umetuma maombi, sasa kimya: maswali ya wanaosubiri majibu ya uzamili wa sanaa

Kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Aprili, barua mnazoniandikia zinakuwa na sauti moja. Mmeomba MFA, ile shahada ya uzamili ya uchoraji, uchongaji, upigaji picha na fani jirani, na sasa simu haitoki mkononi. Nimechukua maswali yaliyojirudia zaidi. Wengi wenu mmeomba Marekani, kwa hiyo tarehe nitakazotaja ni za huko, pale ambapo sijasema vingine.

Shikamoo Mwalimu. Nilituma maombi vyuo vitano mwanzoni mwa Januari. Leo ni wiki ya tatu ya Machi, kimoja tu ndicho kimejibu, tena kimenikataa. Hivi vinne ndiyo vimenikataa kimyakimya? — Tumbo Joto

Marahaba. Si lazima. Ngoja nikueleze kinachofanyika huko ndani, halafu upime mwenyewe.

Vyuo vingi hufunga maombi kati ya Desemba na mwanzoni mwa Februari. Ofisi ya udahili inaanza kwa kuhakiki mafaili: matokeo ya shahada ya kwanza, barua za wadhamini, ada ya maombi, picha za kazi. Baada ya hapo walimu wa fani husika wanakaa kutazama. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha namna hiyo. Taa zinapunguzwa, kazi zinamulikwa ukutani, picha kumi na tano au ishirini za mwombaji mmoja, na mzunguko wa kwanza haumpi mtu zaidi ya dakika chache. Maneno ni machache. Mmoja anasema, "Rudisha ile ya nne." Wanaikodolea macho. Mwingine anauliza ukubwa, anasomewa: rangi ya mafuta juu ya turubai, sentimita 30 kwa 40. "Loo, nilidhani inajaza ukuta." Wanaandika alama, picha za mtu mwingine zinapanda. Yale maelezo binafsi uliyoyaandika usiku kucha yatasomwa kwa makini ukishavuka hapo.

Waliovuka wanaitwa kwenye usaili, kwa vyuo vinavyofanya usaili, na baadaye jopo linawagawa. Wa juu wanapewa nafasi, ambazo kwa fani moja mara nyingi hazifiki kumi. Wanaofuata wanawekwa akiba, wengine kwa barua rasmi, wengine bila hata kuambiwa. Hawa wa mwisho ndio kimya kinawatesa: chuo hakiwezi kuwakataa kabla ya kujua nani wa juu atakataa nafasi, wala hakiwezi kuwapokea kwa kuwa nafasi zimeshatolewa. Na kuna vyuo ambavyo barua za kukataa huzituma mwishoni kabisa, zote kwa mkupuo. Kwa hiyo kimya chako cha leo kinaweza kuwa cha mtu aliye jirani kabisa na mlango au cha mtu aliyeanguka tangu Januari, na ukiwa nje huwezi kuvitofautisha. Acha kukipigia ramli.

Unachoweza kufanya ni kuingia kwenye akaunti ya maombi yenyewe. Vyuo vingi haviandiki jibu ndani ya barua pepe. Vinatuma mstari mmoja tu kwamba kuna jambo jipya kwenye ombi lako, na huo mstari hupenda kuangukia kwenye folda ya barua taka. Ukiwa humo ndani angalia pia kama kuna kitu kimeandikwa hakijapokelewa. Barua ya mdhamini aliyesahau ni jambo dogo la kurekebisha mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu si dogo tena.

Rafiki yangu tuliyeomba naye chuo kimoja ameitwa usaili wiki mbili zilizopita. Mimi kimya. — Niliyebaki Nyuma

Mmeomba fani moja? Kama yeye ni wa uchongaji na wewe wa uchoraji, mnatazamwa na walimu tofauti kwa kalenda tofauti, na kuitwa kwake hakukuhusu. Kama ni fani moja, na ukurasa wa chuo unasema hakuna anayepokelewa bila usaili, basi nafasi yako ni finyu sana na sitakudanganya. Mpongeze rafiki yako, elekeza macho kwenye vyuo vilivyobaki.

Nimewekwa kwenye orodha ya akiba. Naruhusiwa kuuliza ni wa ngapi? Na niwaandikie au ninyamaze? — Mchongaji

Kuuliza unaruhusiwa, ila orodha nyingi za sanaa hazina namba. Jopo linajaribu kupika darasa lenye ladha tofauti. Akijitoa mtu wa video, wanaweza kumtafuta mtu wa video, hata kama yupo mchoraji waliyempenda zaidi. Ndiyo maana utajibiwa kwa adabu nyingi na taarifa kidogo.

Kuandika, andika. Mara moja, kwa ofisi ya udahili au kwa mwalimu aliyekusaili, na kwa ufupi kama hivi:

"Nashukuru kwa kuniweka kwenye orodha ya akiba. Chuo chenu ndicho chaguo langu la kwanza. Mkinipa nafasi nitakuja. Naambatisha picha tatu za kazi niliyoimaliza baada ya kutuma maombi."

Hiyo sentensi ya chaguo la kwanza waandikie chuo kimoja tu, na iwe kweli. Walimu wa sanaa wanafahamiana. Wanakutana kwenye maonyesho, wanaalikana kukagua kazi za wanafunzi, na maneno husafiri. Picha usizitume kama chuo kimesema hakipokei nyongeza. Wala usimwandikie kila mwalimu wa idara, wala usimtumie mama mkuu wa idara ujumbe kwenye kurasa zake binafsi saa nne usiku. Nimeona hilo likifanyika, na jina la aliyelifanya lilikumbukwa kwa sababu hiyo tu.

Orodha huanza kusogea Aprili inapofika katikati, wengine wakishaamua. Kuna wanaopigiwa simu Mei, hata Juni, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Lakini usikodishe chumba katika mji ule pia.

Chuo A kimenipa nafasi na ufadhili, ila kinataka jibu kufikia Aprili 1. Chuo B ninachokitaka kweli hakijasema lolote. Nifanye nini? — Niko Njia Panda

Swali lako ndilo lenye pesa ndani yake, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Marekani kuna makubaliano ya Council of Graduate Schools, baraza la vyuo vinavyotoa shahada za juu, yanayojulikana kama azimio la Aprili 15. Vyuo vilivyoyasaini vimekubali kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi pamoja na ufadhili halazimiki kujibu kabla ya siku hiyo. Orodha ya vyuo hivyo iko wazi kwenye tovuti ya baraza hilo. Itazame leo. Kama chuo A kimo, kiandikie bila ukali: unashukuru, una nia ya dhati, ungependa kuutumia muda hadi Aprili 15 kwa mujibu wa azimio ambalo chuo kimelisaini. Mara nyingi tarehe ya mwanzo iliwekwa na karani asiyelijua azimio, na inasogezwa siku hiyohiyo.

Angalia mambo mawili. Azimio linahusu nafasi zenye ufadhili; ukipewa nafasi kavu, chuo kinaweza kukupa tarehe kinayotaka. Pia si vyuo vyote vimesaini, na vyuo vya sanaa vinavyojitegemea ndivyo vya kuangalia kwa makini zaidi. Nje ya Marekani azimio hilo halina nguvu kabisa: Uingereza, kwa mfano, kila chuo kina tarehe yake, na vingi hudai malipo ya awali ya kushikilia nafasi.

Ukishapata muda, waandikie B siku hiyohiyo. Waambie una nafasi yenye ufadhili kwingine, unatakiwa kujibu Aprili 15, wao ndio unaowapendelea, je, wanatarajia kukamilisha lini? Hiyo si jeuri. Ofisi za udahili hupokea barua za aina hiyo kila msimu, na wakati mwingine ndiyo inayofanya faili lako litolewe chini ya rundo.

Kama Aprili 15 imefika na B bado kimya, mchukue A. Ufadhili ulio mkononi usiuachie kwa ajili ya chuo ambacho hakijatamka jina lako.

Naweza kubadilisha picha mbili kwenye potifolio niliyokwisha kutuma? — Mpiga Picha

Hapana. Zimeshatazamwa. Fanya kazi nyingine.

Nimekubaliwa! Lakini hakuna ufadhili, na ada ni zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Wenzangu wananiambia nikope, jina la chuo litalipa. — Furaha Nusu

Hongera, na hapa sitapinda maneno: usikope kiasi hicho. MFA ya miaka miwili kwa bei hiyo inavuka dola 100,000 kabla hujala wala kulala, na soko la ualimu wa sanaa vyuoni, ambalo ndilo watu hulitaja wanapotetea deni, lina kazi nyingi za mkataba wa muhula kwa muhula. Jina la chuo hufungua milango, sikatai. Halilipi riba.

Kabla ya kukataa, omba. Uliza kama kuna nafasi ya kumsaidia mwalimu kufundisha, ambayo kwenye vyuo vikuu vingi vya umma huja na msamaha wa ada na posho ya kila mwezi. Uliza kama kuna fedha zitakazorudi wengine wakijitoa. Zinarudi, na hugawiwa kwa aliyeuliza. Uliza kuhusu mwaka wa pili pia, maana kuna vyuo hukupa ufadhili wa mwaka wa kwanza halafu unaachwa ujitegemee. Majibu yawe kwa maandishi.

Usidhani pia kwamba dunia nzima inatoza hivyo. Royal Academy Schools ya London inatoa mafunzo ya miaka mitatu ya baada ya shahada bila ada. Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, alipita hapo. Ushindani wake ni mkali ajabu. Vyuo vya sanaa vya umma vya Ujerumani navyo kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Hata hiyo, linganisha na dola zako 50,000.

Mama ananiuliza kila asubuhi kama wamejibu. Nimeanza kumkwepa. — Mtoto wa Mwisho

Usimkwepe, mzazi akikwepwa hudhani umeshakataliwa na unaficha. Mpe tarehe: "Mama, hadi Aprili 15 nitakuwa najua, na utakuwa wa kwanza kuambiwa." Kisha mpe kazi. Ukikubaliwa Marekani, chuo hakitakupa I-20, ile fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, kabla hujaonyesha fedha za mwaka wa kwanza, ziwe za ufadhili, zako au za wazazi. Bila I-20 hulipi ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, na bila risiti hiyo huendi kwenye usaili wa viza. Taarifa za benki na barua za mdhamini wa fedha ndizo huwachelewesha watu hadi Julai. Mama akianza kuzikusanya sasa, mtakuwa na la kuzungumza asubuhi.

Vyote sita vimenikataa. Naweza kuwauliza kwa nini? Na nikiomba tena mwakani wataniona king'ang'anizi? — Mkono Mtupu

Pole sana. Siku mbili tatu usifanye chochote kuhusu hili.

Kuuliza unaweza, na vyuo vingi vitakujibu kwamba havitoi maoni kwa sababu ya wingi wa waombaji. Kama ulifika kwenye usaili mahali, mwandikie mwalimu aliyekusaili. Huyo anakukumbuka na anaweza kukupa mistari miwili ya maana. Kuomba tena hakuna aibu. Walimu hufurahi kumwona mtu aliyerudi na kazi mpya, na wanachoshwa na aliyerudi na zilezile.

Kabla hujalaumu kazi, laumu picha. Fungua potifolio yako kwenye skrini kubwa, si simu, kaa hatua tatu nyuma. Je, kona za turubai zimepinda? Kuna mng'ao wa dirisha juu ya rangi? Sanamu imepigwa juu ya zulia lenye maua? Halafu hesabu: kati ya zile ishirini, ngapi ni za mtu yuleyule anayehangaika na jambo lilelile, na ngapi uliziweka kuonyesha kwamba hata mikono ya watu unaweza kuchora? Hizo za kujionyesha ndizo za kutoa kwanza. Kumi na mbili zinazozungumza pamoja zinashinda ishirini zinazotawanyika, mradi chuo hakijaweka idadi ya lazima.

Tazama pia tarehe ya mtihani wako wa Kiingereza, kama ulitakiwa kuufanya. Matokeo ya TOEFL hudumu miaka miwili tu. Kama yataisha katikati ya msimu ujao, panga kuurudia kabla ya Novemba, maana Desemba utakuwa unahangaika na taa na kamera.