Mtoto wangu anafunga mdomo akiona kijiko

MUULIZE BIBI NESI

Swali

Bibi Nesi, salaam aleikum. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miezi minane na wiki tatu. Tunakaa Busia, upande wa Uganda. Mimi ni wa Koboko, mume wangu ni Msamia na ni dereva wa lori, kwa hiyo lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili, na jarida hili tunalisoma pamoja akirudi safari.

Mtoto alianza kula vizuri alipotimiza miezi sita. Wiki tano zilizopita alipata malaria, akatibiwa, akapona. Tangu hapo amekataa chakula. Akiona kijiko anafunga mdomo na kugeuza uso. Nikifaulu kukiingiza, anatema. Kunyonya ananyonya, tena usiku kucha. Mimi nauza mitumba sokoni, natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Anabaki na binti wa dada yangu pamoja na mama mkwe. Wanampa uji wa mahindi wenye sukari, chai ya rangi kidogo, na mchana posho (ugali) laini na mchuzi.

Wiki mbili zilizopita nilianza kumlaza mapajani, namshika mikono na kumnywesha uji kwa nguvu. Mara ya mwisho alipaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Sasa akikiona kikombe tu analia. Kadi yake inaonyesha kilo 8.1 alipokuwa na miezi saba, na juzi alikuwa 7.8.

Mama mkwe amempapasa fizi, anasema ni ebino, yaani meno ya uongo yanayomwuguza, na ameshaongea na mwanamke anayeyatoa. Wamepanga Jumamosi. Baba yake yuko njiani, hapatikani kwa simu. Nifanye nini?

Mama wa Busia

Jibu

Wa aleikum salaam, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumatano, na kwa kuwa uliandika namba ya simu nyuma yake, nilikupigia jioni ile ile. Jumamosi isingengoja jarida litoke. Nakushukuru kwa kunisikiliza, na nakushukuru zaidi kwa kuniruhusu nichapishe barua hii, maana najua ziko nyumba nyingi kuanzia Busia hadi Arua ambamo neno ebino linatajwa mtoto akikataa kula. Niliyokuambia haraka haraka kwenye simu nayaandika hapa kwa utulivu. Barua nyingine za mwezi huu zitanisamehe.

Nianze na fizi. Ukimpapasa mtoto wa umri huo pembeni mwa fizi, pale yanapokaa meno ya chonge, unagusa uvimbe mgumu, na ukiutazama kwenye mwanga unauona mweupe. Hilo ni jino lenyewe la mtoto. Limelala ndani likingoja zamu yake, na kwa watoto wengi zamu hiyo huja kati ya miezi 16 na 23. Hata mtoto wako angekuwa anamaliza bakuli kila siku, uvimbe huo ungekuwepo. Tatizo ni kwamba watu humfungua mtoto mdomo siku ya kuugua tu. Anaharisha, ana homa, hataki kula, wanatazama, wanaukuta, wanasema ndio huu uliomwuguza.

Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka 22 kabla ya kurudi kwetu Bombo. Usiku mmoja bibi mmoja alituletea mjukuu wake wa miezi saba akiwa amembeba mgongoni. Ilikuwa siku ya tatu tangu atolewe ebino kwa spoku ya baiskeli. Mtoto alikuwa ameanza kwa kuharisha, basi. Alipotufikia fizi zilikuwa mashimo mawili yenye usaha, mwili unawaka, shingo haina nguvu. Tulimwekea maji ya mshipa na dawa, tukakesha naye. Alfajiri alifariki mikononi mwetu. Yule bibi alimpenda mjukuu wake kuliko nafsi yake, nami nilimshika mkono mpaka kukakucha. Simulizi hii usimpe mama mkwe kama fimbo. Mwambie tu kwamba kidonda kile kinaingiza wadudu kwenye damu ya mtoto mdogo, kinaweza kuleta pepopunda, na hata anayepona huweza kuota meno ya ukubwani yaliyopinda au asiote kabisa pale palipochokolewa. Na kuharisha, homa au kukataa kula kunabaki pale pale, kwa sababu jino halikuwa chanzo.

Sasa uji wa nguvu. Hapa nitakuambia jambo langu mwenyewe. Mwanangu wa kwanza nilimziba pua na kummiminia uji, nikiwa tayari nimevaa sare ya nesi, kwa sababu mama yangu alifanya hivyo na dada zangu wote walilelewa hivyo. Alimeza, nikafurahi. Baada ya siku kumi hivi hakutaka hata kukaa kwenye mkeka tuliolia chakula. Mtoto aliyeshikwa mikono na kulazwa chali hawezi kumeza na kupumua kwa mpango, uji unaingia njia ya hewa. Midomo ya mwanao kubadilika rangi ndiyo maana yake. Ukiingia zaidi unampa nimonia. Acha leo. Kikombe kile kile anachokililia kiweke juu ya kabati, asikione kwa muda. Tumia bakuli la rangi nyingine.

Kwa nini basi hataki kula? Nikiisoma barua yako naona mambo mawili yamekutana. Malaria ilimwondolea hamu, kama inavyotuondolea sisi wakubwa, na ilipoanza kurudi akakuta kijiko kimegeuka vita. La pili ni saa zako. Unaondoka saa kumi na mbili, anakukosa saa kumi nzima, ukirudi anakushika na kunyonya mpaka asubuhi kulipa ya mchana. Akiamka tumbo limejaa, na uji unaletwa saa moja. Usijilaumu kwa kunyonyesha usiku wala usikuache. Maziwa yako ndiyo yaliyomshikilia wiki hizi zote, na anayahitaji mpaka miaka miwili na kuendelea. Ila uji wa saa moja uusogeze mpaka saa tatu, atakapokuwa na njaa yake. Na kama soko liko karibu, binti amlete saa saba umnyonyeshe baada ya kula. Wenzako wa mitumba watakuangalizia meza robo saa.

Chai ya rangi iondoe kabisa. Inamjaza tumbo bure na inazuia mwili wake kushika madini ya chuma, na mtoto akishapita miezi sita akiba ya madini hayo aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana. Mtoto aliyetoka kwenye malaria ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Sukari pia, punguza, haimjengi.

Na uji huo wa mahindi peke yake, mwanangu, ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo, likijaa maji hakuna nafasi ya chakula. Inua kijiko, uji ukimwagika kama maziwa ni mwepesi mno. Unatakiwa ukae kwenye kijiko.

Bora zaidi, mpikie kitobero. Wengi mnalijua jina. Kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago kimewafundisha akina mama wa nchi hii miaka mingi chakula hiki cha kuchanganya, na mimi nilikijua huko nikiwa mwanafunzi. Hakihitaji kitu cha dukani. Mimi nafanya hivi: vidole viwili vya matoke, au kiazi kitamu kimoja cha kadiri ikiwa matoke yamepanda bei. Mukene (dagaa) wakavu, na hapo Busia mnao tele, wachague, wasugue na kuwaosha mara tatu mpaka mchanga uishe, wakaange bila mafuta kwenye sufuria hadi wakauke, uwatwange kwenye kinu mpaka wawe unga. Unga huo unakaa kwenye chupa kavu, hutwangi kila siku. Vijiko viwili vya mezani vya unga wa mukene, kijiko kimoja cha karanga zilizotwangwa laini, majani machache ya dodo (mchicha) yaliyokatwa vipande vidogo, maji kidogo. Funga kwenye jani la mgomba, weka kwenye sufuria yenye maji chini, funika, acha kiive kwa mvuke kama saa nzima. Kisha kiponde kwa uma. Usikipitishe kwenye chujio. Mtoto wa miezi tisa anaweza kula chakula chenye vipunje laini, na wengine wanakataa kijiko kwa sababu kila siku wanapewa kitu kile kile cha kuteleza. Karanga nzima usimpe, zinakaba.

Unayo maharage? Siku nyingine weka maharage badala ya mukene, yaloweke usiku, yamenye maganda, yachemshe kwanza mpaka yalainike. Yai pia, liive vizuri. Maini ukipata hata kipande kidogo mara moja kwa wiki, ni baraka. Asali msimpe mpaka atimize mwaka.

Kiasi: kikombe cha plastiki cha mililita 250, nusu yake, mara tatu au nne kwa siku, na katikati kitu kidogo kama ndizi mbivu au parachichi. Kwa kuwa ametoka kuugua, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili angalau. Lakini wiki hii ya kwanza usipime nusu kikombe. Vijiko vitatu alivyovifungulia mdomo mwenyewe vinanitosha.

Namna ya kulisha ndiyo nataka mama mkwe aishike. Mwombe yeye, kwa heshima yake, awe ndiye mwenye bakuli la mjukuu. Binti ana haraka, ana vyombo na maji ya kuchota. Bibi ana subira. Amketishe mtoto wima, wakae wanatazamana, na wenzake wakubwa wale hapo hapo kila mmoja na sahani yake. Ampe kipande cha kiazi kilichoiva mkononi mwake achezee, akibonyeze, akijipake usoni. Usafi mtafanya baadaye. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla. Kijiko kisogezwe karibu na mdomo na kusubiri. Akifungua, sawa. Akigeuza uso, kijiko kinashuka, bibi anaongea naye, anaimba, anajaribu tena baada ya dakika moja. Ikipita nusu saa, bakuli linaondolewa bila ugomvi. Chakula kipya huenda akakikataa mara nane, mara kumi, kisha siku moja akakila kama alikijua siku zote. Nimeliona hili kwa watoto wangu wanne na kwa wajukuu, na bado kila mara hunishangaza.

Haya yote hayaondoi safari ya kituo cha afya, na usiingoje Jumatatu ya mbali. Kilo 7.8 kwa mvulana wa umri wake bado hazijanitisha, lakini kadi inayoshuka badala ya kupanda inataka jicho. Waambie wampime malaria upya, maana dawa ikitapikwa au isipomalizwa ugonjwa hurudi. Waombe watazame wekundu wa damu. Wamtazame mdomoni pia: utando mweupe kwenye ulimi na mashavu usiofutika kwa kitambaa ni fangasi, unauma, na dawa yake ipo. Wampime mkono kwa ule utepe wa rangi. VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji chenu, naye huwa anao. Kijani ni kuanzia sentimita 12.5, njano ni chini ya hapo mpaka 11.5, na chini ya 11.5 ni nyekundu, anaanza matibabu ya utapiamlo siku hiyo hiyo. Kwa kuwa anatimiza miezi tisa wiki hii, chanjo ya surua imefika pia, utamaliza yote kwa nauli moja ya bodaboda. Uliza kama alipata vitamini A alipotimiza miezi sita. Kama hapana, wampe.

Yako mambo ambayo hayangoji asubuhi. Akikataa na kunyonya, au akashindwa kunywa kabisa. Akitapika kila kitu. Akipata degedege. Akilala usingizi mzito usiomwamsha kama kawaida, akapumua kwa shida, au miguu yote miwili ikavimba. Hapo funga mlango wa nyumba, mitumba iache, nenda hata kama ni saa nane za usiku.

Kuhusu mume wako: akipatikana kwa simu, mwambie azungumze na mama yake yeye mwenyewe. Neno la mtoto wake litamfikia kwa namna ambayo langu na lako hayawezi. Asimgombeze. Amwambie amekubaliana nawe mtoto apelekwe kituoni kwanza, na kwamba anamhitaji yeye kwa kulisha. Jumamosi uliponiambia kwenye simu kwamba mama mkwe amekubali kuahirisha "kwa wiki moja tu", nilipumua. Wiki moja ni nyingi, mwanangu, kama bakuli liko mikononi mwake.

Mkishatoka kliniki nitumie ujumbe: kilo ngapi, utepe umesoma rangi gani, na je, ule unga wa mukene ameukubali. Mama mkwe mpe salamu zangu, mwambie Bibi wa Bombo anamwombea mjukuu.